Mashabiki wa Nax, tumelipia makombo ya kutosha

Kama wewe ni shabiki sugu wa muziki hapa Nakuru, hii unaijua. Mabango yanabandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia Section 58 hadi Free Area. Jina la msanii kutoka Nairobi liko juu kwa herufi kubwa. Majina ya wasanii wetu yako chini kabisa, madogo kama masharti ya mkopo wa simu. Unaanza kuweka akiba.

Wenzetu Ulaya wana tamasha zao za majira ya joto, Juni hadi Agosti. Sisi Julai tunavaa majaketi mawili. Msimu wetu ni Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani na mfuko una kitu kidogo. Na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, wikendi ya Naivasha imekuwa msimu kivyake. Wengi wanaoenda huko hawawezi kukutajia dereva hata mmoja. Wanafuata muziki.

Sasa nikuulize: mara ya mwisho ulipolipa kiingilio, ulipata ulicholipia?

Mimi Desemba moja nilitoa Sh1,500 hapa Nakuru. Shoo ilifaa kuanza saa kumi jioni. Msanii aliyetutoa nyumbani alipanda jukwaani saa tisa usiku. DJ akafungulia wimbo wenyewe, sauti iliyorekodiwa ikiwa juu, naye msanii akawa anamalizia tu neno la mwisho la kila mstari na kutuelekezea maikrofoni tumwimbie. Dakika 25, selfie moja, kwaheri. Rafiki yangu anayesoma Egerton alikesha kwenye steji ya matatu akingoja ya kwanza ya kwenda Njoro.

Hatukulalamika. Tulipost picha. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Usidhani Nairobi wako peponi. Desemba 2024 watu walilipa kumwona Diamond Platnumz kwenye Furaha City Festival, na jamaa akaondoka bila kupanda jukwaani. Kelele zikawa za siku chache mitandaoni, kisha tukaanza kuulizana nani anakuja Januari.

Haya, tugeukie albamu, kwa sababu mambo haya mawili ni ndugu wa toka nitoke.

Mwaka wa 2023 uliniumiza. Mei, Sauti Sol walitangaza kwamba wanapumzika, na Novemba wakatuaga kwenye Sol Fest. Mwaka huo huo Bien akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Niliisikiliza nikiwa bado na njaa ya Midnight Train ya 2020. Kuna nyimbo nilizipenda na bado ninazicheza. Lakini nilikuwa nangoja zile sauti nne zikutane, na hazikukutana. Labda hapo kosa ni langu. Sisi mashabiki tunaomba msanii akue, halafu akikua tunanuna.

Lakini kuna albamu nyingi tu ambazo kosa si langu wala lako. Unazijua: nyimbo 18, tatu unazikumbuka, zilizobaki ni kama zilitengenezwa wikendi moja. Kwa nini?

Fuata pesa. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Kule, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa hivyo hakuna anayetaka kuanza polepole. Kiitikio kinaletwa mbele, gitaa la kufungulia linakatwa, wimbo unaisha dakika mbili ili uurudie. Na kwa kuwa kila wimbo unahesabiwa peke yake, nyimbo nyingi ni nafasi nyingi. Ongeza kipande kifupi cha kuchezwa TikTok, na hiyo ndiyo albamu: gunia la nyimbo, kila moja ikijitetea kivyake. Linganisha na Kilio cha Haki ya 2004, iliyowakusanya kina Ukoo Flani Mau Mau, au Victims of Madness ya Wakadinali ya 2020. Hizo ukiruka wimbo unahisi umeruka ukurasa wa kitabu.

Hata hivyo, pesa ya mtandaoni ni ya sarafu. Ndiyo maana msanii anatafuta riziki yake kwenye shoo, na albamu inageuka kuwa bango la shoo. Shoo nayo inageuka kuwa bango la kampuni ya bia iliyoifadhili. Wewe uliyelipa mlangoni uko mwisho wa foleni.

Nyuma yako kuna mwingine bado: msanii wa hapa. Tangu 2024, wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi chochote kwenye Spotify. Kijana wa Kaptembwo ambaye wimbo wake umesikilizwa mara 900 anapata sifuri. Kwake yeye, tamasha si pesa ya ziada, ndiyo mshahara wenyewe. Na kwenye tamasha anawekwa saa moja jioni, uwanja ukiwa na walinzi na wauza smokie, kisha analipwa kwa ahadi kwamba "atajulikana". Ndiyo maana wenye kipaji wanahama. Avril alizaliwa Nakuru, lakini jina lake lilijengwa Nairobi. Tuliitwa jiji mnamo 1 Desemba 2021, la nne nchini, ila kwa muziki bado tunaishi kama kituo cha kuchimba dawa safarini.

Najua promota atasema nini, na ana haki ya kusikizwa. Kuleta bendi ya watu sita kilomita 160 kutoka Nairobi kunataka gari, malazi, fundi wa sauti na jenereta. DJ mwenye laptop anakuja na begi moja. Wewe mwenyewe ukiambiwa kiingilio kitapanda utapiga kelele.

Ila sasa twende kwenye klabu yoyote ya mugithi hapa mjini Ijumaa usiku. Mtu mmoja, gitaa moja, anapiga kwa saa kadhaa hadi watu wanashikana viuno kama treni. Akikosea, mzee wa meza ya mbele anamwambia papo hapo. Wapenzi wa mugithi hawana pesa kuliko sisi. Wanachotushinda ni kwamba wanajua walichokuja kufuata, na wasipokipata wanainuka.

Sisi vijana tujifunze hapo. Kabla ya kutuma pesa ya tiketi, muulize promota mambo matatu hadharani, pale pale kwenye posti yake: Ni bendi au ni DJ na sauti iliyorekodiwa? Msanii mkuu anapanda saa ngapi? Na hawa wa Nakuru walio chini ya bango wanalipwa? Mmoja akiuliza ataondolewa kwenye komenti. Wakiuliza mia tatu, itabidi wajibiwe.

Na albamu mbovu, iache iwe mbovu. Usiipigie debe kwa sababu tu msanii ni wako. Shabiki anayesifia kila kitu hana msaada kwa msanii, kama vile rafiki asiyekuambia kwamba zipu iko wazi.

Desemba hii mimi nina Sh1,500 yangu tena. Bango likija na majibu hayo matatu, tutaonana pale mbele. Lisipokuja, nitaigawa mara tatu na kwenda kuwasikiliza vijana wetu wikendi tatu tofauti, niwalipe mkononi. Angalau hao sitawangoja hadi saa tisa usiku.