Kinga ya Balozi na Haki ya Mtumishi Wake

Wengi wetu hudhani kwamba kila aishiye katika nyumba ya mjumbe wa nchi ya kigeni, kuanzia balozi mwenyewe hadi mpishi na yaya, amefunikwa na kinga moja. Dhana hiyo si sahihi, nayo huwaficha wanaoumia.

Mkataba wa Vienna wa tarehe 18 Aprili 1961 ndio unaotawala uhusiano wa kibalozi duniani. Kwa mkataba huo mwanadiplomasia hakamatwi wala hashtakiwi kwa kosa la jinai katika nchi aliyotumwa, na katika madai ya kawaida hafikishwi mahakamani isipokuwa kwa mambo machache. Dereva au mhudumu aliyeajiriwa na ubalozi wenyewe hukingwa kwa matendo ya kazi yake tu. Lakini mtumishi aliyeajiriwa na mwanadiplomasia binafsi, kwa mujibu wa Ibara ya 37, husamehewa kodi ya mshahara wake. Haki nyingine zote hutegemea hiari ya nchi mwenyeji. Hivyo katika jiko moja hukutana watu wawili: mmoja mahakama haimfikii, na mwingine hana njia ya kuifikia mahakama dhidi yake.

Hatusemi kinga ifutwe. Mwaka 1979 wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran walitekwa, na 52 kati yao walishikiliwa kwa siku 444. Ulimwengu ulijionea wakati huo hasara inayopatikana pale wajumbe wasipoheshimiwa. Hata hivyo, utangulizi wa mkataba wenyewe unatamka kwamba lengo la kinga si kumnufaisha mtu binafsi, bali kuuwezesha ubalozi kutimiza kazi zake. Je, kumnyima yaya mshahara ni kazi ya ubalozi? Kumfungia ndani na kumnyang'anya pasipoti kunaitumikia nchi gani?

Tuitazame hali ya mtumishi huyo. Ametolewa mbali na kwao. Kibali chake cha kuishi ugenini kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Pengine hata lugha ya mtaani haijui. Akivumilia, anaumia. Akitoroka, yumo hatarini kupoteza haki ya kukaa nchini.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mwaka 2008 mahakama mjini Washington iliamuru mwanadiplomasia wa ubalozi wa Tanzania amlipe aliyekuwa mtumishi wake wa nyumbani, Mtanzania mwenzake, zaidi ya dola milioni 1. Mwanadiplomasia huyo aliondoka Marekani bila kulipa. Ilipita miaka kadhaa kabla mama huyo hajapata sehemu ndogo ya fedha hizo. Basi tusiwanyoshee wageni kidole peke yao.

Mwaka huo huo wa 2008 Marekani ilitunga sheria inayodai mkataba wa kazi wa maandishi kabla ya mtumishi wa namna hiyo kupewa viza, na inayoruhusu kusitisha viza hizo kwa ubalozi unaovumilia dhuluma. Nako London, tarehe 6 Julai 2022, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la mtumishi kutoka Ufilipino aliyemshtaki mwanadiplomasia wa Saudi Arabia. Ikichukulia kwamba madai yake ni ya kweli, mahakama ilisema kwamba kumtumikisha mtu kitumwa ili kujinufaisha ni shughuli ya kibiashara iliyo nje ya kazi za kibalozi. Kwa hiyo kinga haizuii dai hilo kusikilizwa. Majaji watatu walikubali, wawili walipinga. Uamuzi huo haufungi nchi nyingine, wala haugusi mashtaka ya jinai, lakini umefungua mlango uliodhaniwa kuwa ukuta.

Tunadai nini basi? Kwanza, serikali inayomtuma mjumbe iwe tayari kumwondolea kinga anapotuhumiwa kumtesa mtumishi, mkataba unairuhusu. Pili, nchi mwenyeji ihakikishe kwamba mtumishi anahojiwa peke yake, mwajiri asiwepo. Kwamba pasipoti yake imo mikononi mwake. Na kwamba mshahara unapitia benki kwa jina lake. Serikali inayokataa kumwondolea mjumbe wake kinga na ijue kwamba nchi mwenyeji yaweza kumtangaza kuwa hatakiwi. Tatu, wazazi na ndugu wanaomkabidhi binti yao kwa mkubwa anayekwenda ng'ambo wadai mkataba wa maandishi na kubaki na nakala, hata kama mkubwa huyo ni jamaa.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Heshima ya taifa haipungui mjumbe wake anapowajibishwa kumlipa yaya. Hupungua pale bendera inapogeuzwa pazia la kuficha dhuluma.