Mwenye Duka Hakununua Dashibodi ili Abofye

Kuna imani iliyoshika mizizi katika biashara ya rejareja, na imewashika wauza programu, vijana waliotoka vyuoni na takwimu zao, hata wenye maduka wenyewe. Inasema hivi: dashibodi ikiwa na chati nyingi, na kila chati ikiwa inabofyeka, inachujika na kufunguka hadi kwenye risiti moja moja, basi mwenye duka ataijua biashara yake na ataamua vizuri. Naipinga imani hiyo bila kupepesa macho. Imewagharimu wafanyabiashara wetu fedha, imewapotezea muda mameneja wa matawi, na imewapa wabunifu mahali pa kujificha. Kila kichujio kilichowekwa bila sababu ni swali ambalo mbuni alipaswa kulijibu yeye, akamwachia mtu mwenye muda mchache kuliko wote dukani.

Tazama dashibodi ya kawaida inayouzwa kwa supamaketi ndogo yenye matawi manne. Juu kabisa kuna vichujio sita: tarehe, tawi, kundi la bidhaa, msambazaji, keshia, njia ya malipo. Chini yake zimekaa mita mbili zenye mishale, halafu chati ya mduara iliyokatwa vipande kumi na kimoja, kila kipande na rangi yake, na mwisho jedwali la bidhaa elfu tatu. Pembeni kuna namba kubwa ya mauzo ya leo, inapanda kila keshia anapotoa risiti. Kwenye kompyuta ya ofisini inapendeza, na ndiko ilikoonyeshwa siku ya kusaini mkataba. Lakini meneja wa tawi anaifungua kwenye simu saa moja asubuhi, gari la mikate limeshapaki nje, keshia anadai chenji, na msambazaji wa maziwa anauliza aache kreti ngapi. Kupata jibu la maziwa inabidi achague tarehe, achague tawi, achague kundi, asubiri ukurasa ufunguke, kisha ateremke mpaka kwenye jedwali. Msambazaji hasubiri. Meneja anamwambia, "Kaka, niachie kama za jana," na mfumo mzima uliolipiwa umeshapitwa na kazi yake ya kwanza ya siku.

Maswali ya meneja asubuhi ni machache, na yanajirudia. Niagize nini, kiasi gani, kabla gari la mzigo halijaja tena? Bidhaa zipi zimelala na zinakula mtaji, nizishushe bei? Fedha za jana, taslimu na zilizoingia kwa simu kupitia Lipa Namba, zimelingana na zilizoandikwa kwenye mfumo? Mwenye duka naye ana yake mawili matatu ya mwisho wa wiki: tawi lipi linabakiza faida baada ya kutoa pango, umeme na mishahara, na nani anamdai, mpaka lini. Kubuni kunaanzia hapo. Ukishajua swali, anayeliuliza na saa anayoliuliza, chati nyingi zinajiondoa zenyewe, na vichujio pia. Meneja wa tawi la Mbagala hana sababu ya kuchagua tawi; mfumo umemjua tangu alipoingia na namba yake ya siri.

Wabunifu wakibanwa, hukimbilia kwa Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyeandika mwaka 1996 kanuni inayofundishwa mpaka leo: mpe mtu picha ya jumla kwanza, kisha akuze na kuchuja, kisha apate undani anapouhitaji. Wanalikamata neno la kuchuja na kulitumia kama kibali cha kuweka vichujio sita juu ya ukurasa. Wanaruka la kwanza. Picha ya jumla ndiyo kazi ngumu, maana inamlazimu mbuni aseme kipi kina uzito na kipi hakina. Na huo undani wa mwisho ni wa pale mtu anapouhitaji, yaani lazima kwanza kitu kiwe kimemshtua. Miaka 10 baadaye Stephen Few, aliyeandika kitabu kizima kuhusu kubuni dashibodi, alisisitiza kuwa inapaswa kuwa na mambo yenye uzito mkubwa zaidi, kwenye skrini moja, yasomeke kwa kutupa jicho. Jedwali la bidhaa elfu tatu halisomeki kwa kutupa jicho.

Kuhusu mita na miduara sitakaa sana, kwa sababu suala hilo lilipimwa zamani. William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba macho ya binadamu hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa kipimo, na hukosea zaidi yakilazimishwa kulinganisha pembe na ukubwa wa eneo. Pau za kawaida, zimepangwa kutoka ndefu hadi fupi na zimeanzia kwenye sifuri, zinatosha. Nyekundu na kijani zisiachwe peke yake kubeba ujumbe, maana wapo watu, wanaume hasa, wasiozitofautisha.

Uchungu wangu mkubwa uko kwingine. Imani hii ya kubofya inamfanya mtu aamini kuwa kila kilichomo kwenye skrini ni kweli na kimekamilika, kwamba kilichobaki ni kuchimba tu. Njoo kaunta uone namba inavyozaliwa. Mteja anaweka soda nne za bei moja, ladha nne tofauti: chungwa, pasheni, nanasi, tangawizi. Foleni ni ndefu. Keshia anaskani ya chungwa mara nne, kwa kuwa bei ni ileile na mteja hajali. Fedha iko sawasawa, risiti iko sawasawa, ila mfumo umepunguza chungwa nne na haukugusa pasheni. Rudia hivyo mwezi mzima. Siku moja rafu ya pasheni ni tupu kabisa, lakini skrini inasema zipo chupa 24. Mfumo hauagizi, kwa sababu zipo. Hazinunuliwi, kwa sababu hazipo. Baada ya wiki kadhaa dashibodi inaiweka pasheni kwenye orodha ya bidhaa zisizotembea, na bosi, akiwa amebofya kila kinachobofyeka, anaifuta dukani soda ambayo wateja walikuwa wakiitaka.

Kosa hilo halitokei kwetu tu. Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichunguza kumbukumbu za stoki zinazokaribia 370,000 katika maduka 37, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuwa kwamba takriban asilimia 65 ya kumbukumbu hizo hazikulingana na mali iliyokuwapo. Hayo yalikuwa maduka ya mfanyabiashara mkubwa wa Marekani, yenye mifumo ya kompyuta na wakaguzi. Sisi tunaongezea la kwetu: mzigo unaingia kwa katoni, unauzwa kwa dazani na kwa kimoja kimoja, mafuta yanaingia kwa dumu na kutoka kwa kipimo. Mtu asiyeoanisha vipimo hivyo kwenye mfumo tangu siku ya kwanza ataishia na stoki hasi, na hakuna chati itakayomwokoa.

Tena mauzo yenyewe, hata yakirekodiwa bila kosa, yanaeleza nusu ya habari. Mama aliyekuja kuulizia unga wa sembe wa kilo tano, akaambiwa umeisha, akaenda duka la pili, hakuacha alama yoyote kwenye mfumo. Thomas Gruen na wenzake walikusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2002 na kupata kuwa kwa wastani bidhaa 8.3 katika kila 100 za madukani huwa zimeisha mteja anapozitaka. Dashibodi ya mauzo inaandika sifuri hapo, na sifuri hiyo inasomwa kama "haina wateja". Wauzaji wa zamani wana dawa yake: daftari dogo kando ya mashine, kila anayeuliza kitu kisichokuwapo anaandikiwa mstari. Daftari hilo lina thamani kuliko chati ya mduara, na ningependa kila mbuni alipatie kitufe kimoja kikubwa kwenye skrini ya keshia: "Ameulizia, hakuna." Hicho ndicho kibofyo ninachokitetea kwa moyo wote, kwa sababu kinaingiza ukweli ndani ya mfumo.

Halafu kuna ulinganisho. Karibu kila dashibodi inakuja na mshale: mwezi huu dhidi ya mwezi kama huu mwaka jana, kijani ukipanda, nyekundu ukishuka. Mwaka 2024 Idi el-Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi. Mwenye duka la nguo za watoto, viatu, unga wa ngano na tambi kule Tanga, Zanzibar au Mombasa anajua maana yake: siku za mwisho za Ramadhani ndizo zinazojaza droo. Mshale wa Aprili 2025 ukilinganishwa na Aprili 2024 utakuwa mwekundu, na wa Machi utakuwa wa kijani, na yote mawili hayasemi lolote kuhusu utendaji wa tawi. Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo kosa hili halitaisha. Nimeona meneja akiitwa kujieleza kwa ajili ya mshale wa namna hiyo, na aliyemwita alikuwa ameuchuja kwa tawi na kwa wiki mpaka ukazidi kutisha. Mwenye kubuni kwa ajili ya pwani yetu lazima aweke kalenda ya Ramadhani, ya kufungua shule na ya siku za mishahara ndani ya hesabu yenyewe. Akishindwa, heri mshale usiwepo.

Kuchuja kwingi kuna hatari nyingine isiyosemwa. Chukua matawi 10, makundi 12 ya bidhaa na wiki 4: hivyo ni visanduku 480. Hata kama hakuna kilichobadilika katika biashara, ukiweka kengele inayolia kwa bahati tu mara moja katika 20, kengele 24 zitalia. Mtu mwenye bidii atazifungua zote, na kwa kila moja atapata hadithi ya kujitosheleza: keshia mpya, mvua, jirani aliyefungua duka. Tawi lililouza chupa nne za losheni wiki iliyopita na mbili wiki hii litaandikwa limeshuka asilimia 50, nyekundu tupu, kwa chupa mbili. Panga kwa shilingi zilizo hatarini, usipange kwa asilimia, na nusu ya kelele itakwisha.

Nao wanaojivunia namba inayobadilika kila sekunde wanieleze inabadilisha uamuzi gani. Gari la mzigo linakuja kila Jumanne. Mauzo ni namba inayopendeza kuitazama ikipanda, na inaweza kuficha ugonjwa mkubwa. Rafu za Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya, zilianza kubaki tupu mwaka 2017 kwa sababu wasambazaji waliokuwa wakiidai walikataa kuleta mali, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe moja kwa moja. Deni la wasambazaji, na tarehe linapoiva, ni jambo la ukurasa wa kwanza katika rejareja. Mara nyingi nalikuta halipo hata kwenye ukurasa wa nne.

Najua jibu la upande wa pili: kila mteja ana mahitaji yake, mpe uhuru wa kuchuja atakavyo. Kwa mchambuzi wa makao makuu, anayelipwa kukaa na data kutwa nzima, nakubali, mpe kila chombo. Makosa ni kumgawia meneja wa tawi chombo cha mchambuzi na kumwita mvivu asipokitumia. Yeye mpe ukurasa mmoja wa simu, ufunguke hata mtandao ukiwa dhaifu, ulioandikwa kwa sentensi: "Sukari: imebaki mifuko 18. Mnauza 5 kwa siku. Gari linakuja baada ya siku 5. Mtapungukiwa mifuko 7." Chini yake bidhaa nyingine chache zitakazoisha kabla ya gari, kisha zilizolala zaidi ya siku 60 pamoja na fedha zilizofungiwa humo, kisha tofauti ya droo ya jana. Akigusa mstari wa sukari, aone mauzo ya wiki nne na siku ilipohesabiwa mara ya mwisho. Ubofyaji huo una kazi, maana umetanguliwa na jambo lililomshtua.

Ndugu mwenye duka, kabla hujasaini, mwambie muuza programu aweke kompyuta yake pembeni na kutumia simu ya meneja wako, akuonyeshe cha kuagiza kesho na sababu yake. Akianza kuchagua tarehe na tawi, msimamishe hapo. Kisha muulize stoo itahesabiwa na nani, kila baada ya siku ngapi, na tofauti ikionekana itaandikwa wapi. Asiye na jibu la hayo usimlipe hata malipo ya awali.