Wimbo mmoja, malipo mawili: haki ya wanamuziki wa kike ianze Kolwezi

KOLWEZI – Orkesta ikipiga kwenye arusi Dilala au Manika, watu husifu sauti na ngoma. Wachache huuliza nani amelipwa kiasi gani. Mara nyingi mwenye sherehe humkabidhi mkubwa wa orkesta pesa zote, na ugawaji hufanyika pembeni. Katika giza hilo, mwimbaji wa kike anaweza kupewa nauli tu na kuambiwa ashukuru.

Wala hili si tatizo la orkesta ndogo peke yake. Mwezi wa saba 2018, Elizabeth Rowe, mpiga filimbi mkuu wa orkesta kubwa ya Boston, Marekani, aliishtaki orkesta yake. Alisema analipwa dola 64,000 hivi pungufu kwa mwaka kuliko John Ferrillo, mwanamume aliyekaa karibu naye akiongoza ala ya obo. Wakubwa walijibu kwamba ala hizo mbili hazilingani. Ferrillo mwenyewe alimuunga mkono mwenzake. Mwezi wa pili 2019 pande mbili zilipatana nje ya mahakama.

Jambo la kushangaza ni kwamba Boston huwasikiliza waombaji kazi wakiwa nyuma ya pazia, ili asijulikane mwanamume wala mwanamke. Pazia lilileta haki mlangoni. Mishahara ilipojadiliwa faraghani, haki ikapotea.

Kongo haijakosa wanawake wenye kipaji. Abeti Masikini aliongoza orkesta yake, Les Redoutables. Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, alianza kama mcheza ngoma wa M'Pongo Love kabla ya kuwa nyota. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini sifa hailipi kodi ya nyumba.

Sheria ipo. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mshahara uwe sawa kwa kazi, ujuzi na matokeo yaliyo sawa, bila kujali jinsia. Shida ni kwamba aliyeajiriwa kwa maneno matupu hana karatasi ya kuonyesha kwa mkaguzi wa kazi.

Wakubwa wa orkesta wana hoja yao: vyombo, mafuta ya jenereta na usafiri hugharimu. Ni kweli. Basi gharama hizo zitolewe kwanza, mbele ya wote, kisha kila mmoja alipwe kwa kazi yake. Mwenye arusi naye aombe kiasi kiandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na wanamuziki wote wakione kabla ya wimbo wa kwanza.

Haya yanawahusu zaidi mama na mabinti wa familia zilizohamishwa, kwa vita au kwa machimbo. Aliyefika mjini bila ndugu wala akiba hukubali chochote anachopewa, awe anaimba jukwaani au anaosha madini mtoni. Anayejua shida yake ndiye huipunja bei yake.

Ndiyo maana mzigo wa kuuliza usiachwe kwa mwanamke peke yake. Ferrillo angeweza kunyamaza. Mshahara wake ulikuwa salama. Hakunyamaza. Wapiga gitaa na ngoma wa Kolwezi nao wanaweza kuuliza kabla ya kutia pesa mfukoni: na huyu dada aliyeimba usiku kucha, amepata ngapi?