Maelezo ya dawa yawekwe mtandaoni kwa Kiswahili

Mhariri,

Mama yangu aliandikiwa dawa mseto ya malaria. Karatasi ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Nikatafuta kwenye simu. Kwa Kiswahili nikakuta matangazo ya mitishamba na sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe.

Mfamasia wa mtaani ndiye aliyetufafanulia, kwa dakika mbili tu: dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, na dawa hunywewa pamoja na chakula ili mwili uifyonze vizuri. Mama alishaimeza tumbo likiwa tupu!

Wafamasia wetu, tuandikieni maelezo kama hayo mtandaoni, yenye jina la mwandishi na tarehe. Wekeni na sauti, kwa wazee wasioona vizuri.

Msomaji,
Morogoro