Helikopta Rahisi: Rahisi kwa Nani?

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili: rahisi. Kitu cha bei nafuu ni rahisi, na kitu kisicho kigumu ni rahisi vilevile. Maana hizo zikichanganywa hewani, mtu hufa.

Chukueni helikopta ndogo iitwayo Robinson R22. Aliyeibuni, Mmarekani Frank Robinson (alifariki mwaka wa 2022), alikuwa mhandisi katika makampuni makubwa kama Bell na Hughes. Alitaka wakubwa wake watengeneze helikopta ya watu wawili, ya bei ambayo raia wa kawaida huko kwao ataimudu. Wakakataa. Basi mwaka wa 1973 akaacha kazi, akaanzisha kampuni nyumbani kwake California. Chombo kikaruka mara ya kwanza mwaka wa 1975, na mwaka wa 1979 serikali ikakipa kibali. Hapo nampa heko, sina ubishi.

Siri yake ilikuwa kupunguza. Injini ni ya petroli, silinda nne, ya aina iliyokuwa tayari ikitumika katika ndege ndogo. Mapanga ya juu ni mawili tu, tena mepesi. Ikijaa watu, mafuta na mizigo haipiti kilo 622.

Lakini wepesi huo una deni lake. Hebu pindua baiskeli, uzungushe gurudumu kisha uliache: litaendelea kwa muda. Kipande cha boksi ulichokitoboa kwa msumari je? Husimama papo hapo. Ndivyo yalivyo mapanga ya R22. Injini ikizima, yanapoteza mwendo upesi mno, na rubani hana hata sekunde mbili za kuteremsha wenzo ulio mkono wake wa kushoto. Akiwahi, upepo utokao chini utayazungusha mapanga, naye atatua salama. Akichelewa, mapanga hayashiki hewa tena. Basi, kwisha.

Na nani walioinunua kwa wingi? Robinson aliwakusudia watu wa safari zao binafsi, kumbe vyuo vya urubani vikaipenda kwa bei yake. Chombo kinachotaka mkono mwepesi kikapewa wanagenzi! Ajali zikafuatana. Robinson mwenyewe alianzisha kozi ya usalama mwaka wa 1982, lakini sheria ya Marekani ya kuwalazimisha marubani wa R22, na wa dada yake mkubwa R44, kupata mafunzo maalum ilikuja mwaka wa 1995.

Wako wenzangu klabuni wasemao eti chombo hicho kingepigwa marufuku. Sikubali. Kingeondoka, kuruka kungebaki kwa matajiri. Wengine wanasema makosa ni ya marubani. Hilo nalo silikubali, kwani mwanafunzi atalaumiwaje kwa asichofundishwa? Mimi nawalaumu waliotoa kibali kana kwamba mafunzo si sehemu ya chombo, sawa na mapanga yake. Miaka 16, jamani! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kibali angekuwa kidato cha pili sheria ilipofika.