Nipe Mji: Wito kwa Ajili ya Watoto Waliolazwa

Ndugu zangu wa Uvira, wa Makobola, wa Baraka na wa bonde la Ruzizi,

Kitendawili! Usiku nyota zangu zaelea majini, kukicha hazipo. Mtoto aliyekulia Kalundu atajibu upesi: taa za wavuvi wa ndagala. Wenzake wakishindwa, mtegaji hudai: "Nipeni mji!" Wakimpa Kavimvira ataukataa, wakimpa Baraka ataupokea, asimulie alivyofika huko, ndipo atoe jibu, na wote wacheke.

Mchezo huo hauna bei. Leo nauombea nafasi katika hospitali zetu.

Ingia chumba cha watoto, pediatri kama tunavyosema, saa tisa alasiri. Dawa za mchana zimekwisha kutolewa. Huyu ana malaria, yule amevunjika mguu, mwingine kaletwa kutoka mbali na mama mwenye kitenge kimoja na sufuria. Vitanda vimebanana, lakini siku tatu zaweza kupita mtoto asijue jina la jirani yake. Kila mmoja anautazama mlango, akiogopa sindano peke yake.

Tusidhani kwamba mchezo ni wa kungojea mtoto apone. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kutibu utapiamlo mkali, liliweka hatua kumi. Ya tisa ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo, pamoja na mchezo uliopangwa wa dakika 15 hadi 30 kila siku. Huko Jamaika, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachezesha watoto waliolazwa kwa utapiamlo, kisha wakawafuata hadi nyumbani. Akili za watoto hao zilikua vizuri kuliko za wenzao waliopewa chakula na dawa tu. Nayo nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinampa kila mtoto haki ya kucheza, na haki hiyo haibaki nje ya lango la hospitali.

Vifaa tunavyo. Trei ya mayai ya plastiki na vifuniko vya soda hutosha kuwa bao, na mwenye serumu mkononi hucheza kwa mkono uliobaki. Mafundi cherehani, vipande mnavyotupa vyaweza kuwa midoli. Nyimbo za kupiga makofi kila binti wa mtaa anazijua. Aliyelala asiyeweza kuinuka, mpeni kazi ya kutega vitendawili: huyo ndiye atakayedai mji, na chumba kizima kitamjibu.

Ninachoomba ni saa moja kwa juma. Wanafunzi wa uuguzi na wa ualimu, vijana wa kwaya, akina mama wa vikundi: jipangeni wawili wawili, mkamwone kwanza muuguzi mkuu, mfuate atakavyosema. Naweni mikono kabla na baada. Vifaa viwe vya kuoshwa kwa maji ya klori, na vifuniko visiwafikie wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Walio na kipindupindu, surua au mpox wasichanganywe na wengine. Kwao wauguzi na mama zao wanaweza kutega vitendawili bila kifaa chochote kupita mkono kwa mkono. Msiwapige picha watoto.

Nanyi wakuu wa hospitali, tengeni kona yenye mkeka na saa inayojulikana. Wazazi mnaolinda wagonjwa, anzeni leo: muulizeni mtoto wa kitanda cha pili jina lake, mmtambulishe kwa wenu.

Mtoto wa Baraka aliyelazwa Uvira, akisikia wenzake wakiutaja mji wake kwa furaha, atajua kwamba hakuletwa ugenini. Twendeni tukamtegee kitendawili.