Taa za ziada zizimwe tunapopishana

Ndugu Mhariri,

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara ya Morogoro hadi Iringa hailali. Hilo ni jema. Linalonikera ni taa za ziada zinazofungwa kwenye bampa, na hata juu ya kabini, bila kuunganishwa na swichi ya taa kubwa. Dereva anashusha taa, kumbe zile nyingine zinaendelea kutumulika usoni.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Usipoona kwa sekunde tatu umeshakwenda mita 66, na ndani yake anaweza kuwapo mwendesha baiskeli asiye na taa, au nyati pale Mikumi.

Taa hizo zina kazi yake porini, pasipo na gari mbele. Fundi aziunganishe na taa kubwa ili zizimike pamoja. Tusimsahau pia tunayemfuata, maana mwanga huo humpiga kupitia vioo vyake. Askari wa usalama barabarani wanakagua matairi na breki. Nawaomba wakague na taa hizi stendi, kabla basi halijaondoka.

Msomaji wako,
Morogoro